Kanveta ya Mjomba Gia na Mayai ya Dada

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada, na ninaomba nikiwa nimekaa chini kabisa, maana jambo lenyewe si la kuombwa wima. Mimi ni mtu mzima, wapwa zangu na nusu ya mtaa wananiita Mjomba Gia, shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu hakuwa na gari, na tangu nizaliwe sijawahi kukosa la kusema, muulize mke wangu, lakini juzi kati hapa nilinyamaza, mshauri, nilinyamaza mpaka fundi akaniuliza kama naumwa.

Gari langu ni la gia za kujibadilisha zenyewe, nalo nimelifungia kemshafti kali, ule mti wa chuma unaofungua vali, na silensa pana, basi nikiliwasha madirisha ya jirani hujifunga yenyewe na kuku hutaga kabla ya wakati, na kuku wenyewe ni wa dada yangu mkubwa, aliyenilea mama alipofariki, ambaye kila asubuhi nampeleka sokoni na trei zake za mayai. Sasa tangu nifunge hiyo kemshafti, kwenye taa nyekundu gari linatetemeka kama lina homa, nikikanyaga breki nalo linasukuma, mara linazimika. Fundi wa giaboksi akasema shida ni kanveta, lile dude la duara kama masufuria mawili yaliyofunikana, linalokaa kati ya injini na giaboksi, kwamba niliyonayo inashika mapema mno kwa injini yangu ya sasa. Nikamwambia hayo nayajua tangu utotoni. Hakubisha, akachukua moja iliyokufa, akaikata katikati kama papai, akasema, "Mzee, chungulia."

Mshauri, ndani kuna mapangaboi mawili yanatazamana, mapanga yamepangwa kama magamba ya samaki, na hayagusani. Nikauliza kinachoyaunganisha ni nini.

"Oili tu," akasema. "Hili linairusha, lile linasukumwa nayo."

Yaani gari zima, mimi na tumbo langu, dada na mayai yake, wote tunasukumwa na oili inayozunguka gizani. Hapo ndipo niliponyamaza. Mimi niliyewahi kulipita gari la polisi na askari akanipigia saluti.

Nilipotoka pale mdomo ukarudi. Kinyozi wetu, tunamwita Wembe, alikuwa anatamba kwamba kanveta yake inashika injini ikifika mizunguko elfu tatu, nami nikajibu yangu itashika elfu nne, na ili nisionekane mwongo nikaazima ya gari la mashindano, nikaifunga. Sasa kutoka getini lazima injini ingurume kama ndege, gari halijasogea, halafu ghafla linaruka. Dada alikuwa amepakata trei. Alijifuta ute wa yai usoni taratibu, akasema, "Mdogo wangu, mimi nilikubeba mgongoni na sikukudondosha. Kama wewe kunibeba kumekushinda, sema, nitafute gari lingine." Hakupaza sauti. Heri angenizaba kofi.

Fundi anataka nifunge inayoshika kwenye elfu mbili na mia nne hivi. Lakini kwa Wembe nitaingiaje? Nibaki juu au nishuke?

Mjomba Gia

JIBU

Mjomba Gia, pole nampa dada yako. Wewe subiri kwanza.

Barua yako ilininyanyua kwenye kiti. Nilikwenda gereji, nikaomba nioneshwe kanveta iliyokatwa, nikapitisha vidole kwenye yale mapanga, na mimi ninayelipwa kwa kusema nikakosa neno. Hapo tuko pamoja. Tofauti ni kwamba wewe uliona ajabu kama ile, ukaibeba mpaka kwa kinyozi kushindania namba.

Namba hiyo si cheo, baba. Ukiwa barabara kuu, mwendo wako wa kawaida, mshale wa mizunguko unasoma ngapi? Kama ni elfu mbili na kitu, na kanveta inadai nne, basi mapangaboi yanateleza safari nzima, oili inachemka, na giaboksi itakufia mkononi. Fundi alipima kwa kemshafti yako, uzito wa gari lako na difu yako, zile gia zinazozungusha magurudumu. Wewe ulipima kwa mdomo wa Wembe.

Kwa hiyo shuka. Kitu cha watu kirudishe leo. Mwambie fundi kila kitu, na hasa kwamba kila asubuhi gari linabeba mayai. Hilo usilionee aibu, ndilo linaloamua mengine yote. Funga aliyokutajia, na akuwekee rejeta ndogo ya kupoza oili ya giaboksi. Kisha nenda kwa dada yako. Usijieleze. Mfungulie mlango, mpokee trei, nyamaza. Najua unaweza, umeshawahi mara moja.

Na kwa Wembe utaingia umenyooka. Kunguruma, kila gari bovu linanguruma. Siku dada yako, trei mapajani, atakapokuuliza, "Mbona hatuondoki?" wakati geti limeshabaki nyuma, hiyo ndiyo ya kwenda kuwasimulia, na safari hii hutahitaji kutia chumvi.