Bijou Amekataa Kusema Shairi Lake Mbele ya Wageni

Maman Adèle wa redio, nisaidie, maana niko na furaha na woga pamoja na sijui nianzie wapi. Niko mwalimu wa mwaka wa tano primaire hapa Bukavu, na mu darasa langu kuko mutoto anaitwa Bijou, alikimbia vita na nyanya yake kutoka Kamanyola, akaingia kwetu bila kusema neno, ukimuita anainamisha kichwa, wenzake wakaanza kumuita bubu, na mimi nikikemea haisaidii. Ndipo nikaanzisha kitu: kila asubuhi, mbele ya kuanza calcul, ni kusema hesabu, mwanafunzi mumoja anatunga mistari ya kumutia mwenzake moyo na anaisema akimutazama usoni. Kwanza walicheka, kisha wakaanza kugombania zamu. Siku moja Chantal, ule aliyekuwa anamucheka Bijou kuliko wote, akasimama:

Bijou, benchi letu ni moja,
ukikosa kuja linabaki baridi.

Bijou naye akasimama, Maman, sauti ndogo sana:

Nilifika hapa bila kitu mukononi,
leo niko na mutu anajua jina langu.

Tulilia wote, na tangu pale Bijou anasoma, anauliza, anapiga kelele mpaka namunyamazisha nikicheka. Hata sisi walimu, ambao uchovu ulikuwa umetunyima salamu, tunatungiana mistari.

Sasa Papa Barthélemy, directeur wa shule yetu, anataka Bijou aseme ile mistari yake siku ya sikukuu ya shule, mbele ya wazazi na wageni, na mimi nikajibu "ndiyo, Papa" bila kumuuliza mutoto. Nilipomwambia, akasema: "Maîtresse, mi sitaki. Ile ilikuwa ya Chantal, haikuwa ya wageni." Nikirudi kukataa, naogopa directeur atasema tunapoteza wakati na atafunga mashairi yote. Nifanye nini?

Emérence

Maîtresse Emérence,

Pumua kwanza. Mutoto aliyekuwa hasemi leo anakuambia "sitaki" usoni, na wewe unaona shida? Hayo ni matunda ya kazi yako!

Lakini kwa hiyo "ndiyo, Papa" yako nakukemea. Uligawa kitu ambacho hakikuwa chako, kwa sababu ya kuogopa mukubwa. Ndiyo maana nilikupigia simu wiki jana, bila kungoja zamu ya barua yako hewani, nikakutuma umwambie directeur kwamba ulikosea, darasa zima litatunga mistari mipya kwa ajili ya wazazi, na yeye mwenyewe aje asubuhi moja akae kwenye benchi asikie.

Na jana umenipigia huku unacheka. Directeur alikuja. Ukauliza nani ana mistari ya Papa Directeur, mukono ukainuka, wa Bijou:

Papa, unatufungulia mulango kila asubuhi,
na hakuna mwenye anakuuliza kama ulilala.

Muzee akavua miwani, akajibu polepole: "Sikulala vizuri, mutoto wangu. Aksanti kuniuliza." Mashairi hayafungwi tena, na walimu wa madarasa mengine wanataka kuanza.

Basi usilegee sasa. Siku ya sikukuu, Bijou achague mwenyewe: asimame na wenzake, au akae na nyanya yake apige makofi. Na tangu leo, kabla ya kumusimamisha mutoto yeyote, umuulize kwanza. Akikataa, umushukuru na uendelee na calcul.