Kifuniko Ambacho Hukukigonga

Bi Mize,

Jumanne ya mwisho ya Mfungo Sita, kabla ya adhana ya adhuhuri, nilikupoteza wewe. Siku nane baadaye nikagundua kuwa mkono wa kulia wa mwanangu Hidaya nao nilikuwa nimeshaupoteza, na ulipotea mbele ya macho yako. Nayataja yote mawili mwanzo kabisa, asije mtu akasema nimekuja kukulilia tu. Kulia nimelia, Mungu shahidi. Leo sikuja kwa kilio.

Herufi hizi hukuzijua. Wewe ulisoma za Kiarabu, mimi za kirumi nilizipata ukubwani, darasa la watu wazima, daftari mapajani na vidole vinanuka mafuta ya mihogo niliyokuwa nikiuza Forodhani. Kwa hivyo nimemwomba mwanao Zuhura akusomee. Kila Ijumaa asubuhi huja kaburini kwako kukusomea Yasini. Ijumaa hii atakuja na karatasi zangu pia. Nimemwambia asome yote, asiruke mstari. Akakubali, akaondoka. Hakuniuliza nitaandika nini. Mtu asiyeuliza, Bi Mize, wewe ndiye uliyenifundisha kumtilia shaka.

Unakumbuka ulivyonichukua? Ulisimama mbele ya meza yangu, ukanitazama nikihesabu vipande vya mihogo bila ya kutazama, ukasema, "We Riziki, kichwa hicho unakiozesha hapa. Njoo nikufundishe kuhesabu watu." Nikaja. Miaka minne nimekubebea mfuko wako, Kikwajuni, Miembeni, mpaka Chukwani kwa miguu. Nimekuchemshia maji, nimekushikia taa. Daftari langu lina watoto sitini na tatu tuliowapokea pamoja, kila mmoja na mstari wake: siku, saa, jina la mama, na safu ya mwisho ambayo wewe mwenyewe uliniamrisha niichore. Safu ya kifuniko.

Wakunga wengine wakishamkata mtoto kitovu na kumfunga mvuje wa kumkinga na mashetani, kazi yao imekwisha. Wewe ulirudi siku ya tatu. Ulimlaza mtoto chali juu ya mkeka, ukamfungua nguo zote, ukasubiri atulie. Kisha ulikitoa kile kifuniko cha sufuria kilichobonyea, ukakipiga kwa kijiko cha chuma. Mara moja tu. Mtoto akarusha mikono yote miwili, vidole vikachanuka, halafu akaikusanya polepole kifuani kama anayetafuta shina la kukumbatia. Ndipo akalia. Mama zake, kwa kuogopa kifafa cha utotoni, wakapiga kelele, "Bi Mize, unatutia mtoto dege!" Nawe ukacheka na meno yako matatu. "Dege haji kwa kifuniko. Nasikiliza mie."

Njiani ukanieleza, na maneno yale niliyaandika nilipofika nyumbani. Ulisema mshtuko ule si woga. Mtoto wa siku tatu hana anachokijua cha kukiogopa. Ulisema, "Ubongo unabisha hodi, mikono inaitika. Ikiitika yote miwili kwa pamoja, funga mfuko ujiendee zako. Isipoitika hata mmoja, mwenye kubisha hodi ni mgonjwa. Na ukiitika mmoja mwengine ukanyamaza, usimlaumu mbisha hodi. Nenda katazame mlango ulionyamaza."

Katika wale sitini na tatu, sitini na mbili waliitika. Mmoja hakuitika hata upande mmoja, na mama yake ulimwambia palepale, mimi nimesimama nyuma yako nimeshika beseni. Ulimwambia, "Mwanangu, sitakuficha, huyu atachelewa shingo, atachelewa kila kitu, na huenda asifike." Alikutukana yule mama. Ulitukanwa na ukarudi kesho yake na uji. Nikasema moyoni, hii ndiyo kazi, na huyu ndiye mtu.

Basi nieleze mtoto wa sitini na nne.

Jumamosi ile nilikuwa mimi niliyelala mkekani. Kichwa kilitoka, bega likagoma. Nilikuwa nahesabu, maana hesabu ndiyo inayonishika nisipige kelele, na tangu kichwa kutoka mpaka mwili kufuata nilifika mia mbili na kumi. Nilipofika mia na hamsini nilisikia pumzi yako imebadilika. Ulimwambia Zuhura anisukume magoti juu, ukamshika mtoto shingo na kichwa, ukavuta. Nilisikia ukisema "Ya Latifu" mara tatu, na wewe hukuwa mtu wa kutajataja jina la Mungu ovyo.

Sikulaumu kuvuta. Lishike hilo, Zuhura naye alisome vizuri. Hesabu naijua: mkono mmoja kwa roho moja, nani asiyechukua? Ungeniambia saa ileile, "Riziki, nimemvuta sana, mkono huu tuutazame," ningekubusu kiganja.

Siku ya tatu ulikuja. Nilikuwa nimekwisha kuuandika mstari wa Hidaya mwenyewe, siku na saa, nimeacha safu ya mwisho wazi. Ulikaa, ukamtazama, ukamfunga upya kwa kipande cha kanga, mikono ndani, ukakaza. Mfuko hukuufungua. Mkwe wangu, aliyekuja kutoka Bwejuu kunihudumia uzazi, akakuuliza kwa mzaha, "Bi Mize, wetu humgongei? Au sie wa shamba hatugongewi?" Ukajibu, "Huyu hana haja. Mwacheni apumzike. Asifunguliwe mikono mpaka arobaini."

Hana haja! Sitini na tatu walikuwa na haja, wa mwanafunzi wako hana.

Mie nilikuwa mzazi wa siku tatu, nina homa ya maziwa, nikaona fahari. Nikasema kwa kuwa ni wangu ameshamjua kwa macho. Na mkwe wangu, masikini, akafurahi kuliko wote. Kwao mtoto anayerukaruka usingizini huambiwa ameonwa na dege, hufungwa mikono na kufukizwa. Huyu wetu, ndani ya kanga yake, mlango ukibamizwa anakunja uso tu. Akawa anawaita majirani waje wamtazame. "Mtoto wa kheri huyu, hashtuki!" Wakaja, wakasema mashaallah. Nyumba nzima tuliusherehekea mkono uliolala. Nikilikumbuka hilo natamani kuingia chini ya kitanda.

Siku ya kumi na moja ukaanguka uani kwako na ndoo ya maji mkononi. Sikuweza kuja, nilikuwa ndani ya arobaini, nilisikia tu watu wakipita barazani, "Bi Mize, Bi Mize." Nilikaa na daftari. Sikujua mtu hufanya nini na daftari la kazi ya marehemu.

Siku ya kumi na tisa, Jumatano, nilimfungua. Nani wa kunikataza tena? Nilimlaza chali. Kifuniko chako sikuwa nacho, nikachukua cha kwangu, na kijiko. Nikapiga.

Mkono wa kushoto uliruka, vidole vitano, ukarudi kifuani. Wa kulia ulibaki pale pale kando ya mbavu, kiwiko kimenyooka, kiganja kimegeukia nyuma kama mtu anayepokea kitu kwa siri. Nikapiga tena. Nikapiga mara kumi. Kushoto kumi, kulia sifuri. Mkwe wangu alininyang'anya kijiko, akasema uzazi umenipanda kichwani.

Nilikwenda hospitali bila ya kungoja arobaini, waseme watakavyo. Daktari alikuwa mgeni, na mkalimani wake kijana wa Malindi. Hakutumia kifuniko. Alimshika Hidaya mgongo kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwengine, akakiachia kichwa kidogo tu, kikadondoka ndani ya kiganja chake. Jibu lilikuwa lilelile: kushoto naam, kulia kimya. Kisha akatia kidole ndani ya kiganja cha kulia, na vidole vikakamata. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mkalimani akanambia, "Anasema ubongo mzima huo, Bibi. Mshtuko ule hutoka chini kabisa ya ubongo, mtoto huja nao. Ungekuwa na kasoro ubongo, pande zote zingeharibika. Huyu njia ndiyo iliyokatika, hapa," akagusa baina ya shingo na bega lake mwenyewe. "Mishipa ya fahamu imevutwa wakati wa kuzaliwa."

Mlango ulionyamaza, Bi Mize. Maneno yako yaleyale, kasoro hodi.

Akasema zaidi, na nimeandika. Kwamba mshtuko huo ni mgeni wa muda: ufikapo mwezi wa nne au wa tano ubongo wa juu hukomaa ukashika usukani, na mtoto huacha kurusha mikono ovyo, huanza kuipeleka anapotaka. Ukikawia sana kuondoka, hiyo nayo ni alama mbaya. Kwamba siku za mwanzo bega kupumzishwa si kosa, lakini baadaye lataka kukunjwa na kunyooshwa taratibu kila siku, lisije likakauka. Na kwamba kiwiko kikianza kujikunja chenyewe kabla ya mwezi wa tatu kwisha, kuna matumaini makubwa. Kisha akauliza, "Nani alimzalisha? Na alikwambia nini?"

Nikasema sikifahamu vizuri Kiswahili cha daktari. Mkalimani alicheka, maana Kiswahili kile kilikuwa chake yeye. Sikukutaja. Hiyo ni mara moja nimekuficha. Nitaulizwa tena Jumatatu ijayo.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Baada ya arobaini yako Zuhura aliniletea mfuko wako. Aliuweka kizingitini, akasema, "Mama alisema ni wako," akaondoka kabla sijamkaribisha hata maji. Mlikuwa na kijiko, mkasi, kifuniko, uzi. Na chini kabisa, imeviringishwa ndani ya kitambaa, fulana ya mtoto mchanga ya kitambaa cheupe, na unajua siku hizi kitambaa hakipatikani dukani bila ya kupanga foleni. Mkono wa kulia wa fulana umekunjwa na kushonewa kifuani.

Nilikaa chini. Mtu hashoni fulana kama ile kwa bahati. Ile imeshonwa na anayejua mkono gani, bega gani, na namna ya kulipumzisha.

Basi ulijua. Kama si siku ya kwanza, ni ya tatu.

Lakini nikaitazama tena, maana wewe uliniambia kitu kitazame mara mbili. Mishono ya mwanzo ni midogo, imelala kulia: yako. Katikati inakatika. Kuanzia hapo mpaka kwapani ni mikubwa, imelala kushoto. Na katika nyumba yenu anayeshona kwa mkono wa kushoto ni mmoja tu.

Kwa hivyo wewe ulikufa hujamaliza, na mtu akaimalizia. Akajua ni ya nani. Na badala ya kuvuka vichochoro vitatu kuja kwangu, akaitia chini ya mfuko, akangoja siku arobaini, mpaka fulana ikawa haimtoshi mtoto. Nimejaribu. Haipiti hata kichwani.

Siku kumi na saba nimeikalia fulana ile. Asubuhi naona ulikuwa unatengeneza dawa kwanza ndipo uniambie, usinipe ubaya mtupu. Jioni naona ulikuwa unatengeneza pazia. Ulikuwa na jina Unguja nzima, mkono wako haujapata kuvunja mtoto. Labda hukutaka iandikwe kwamba umevunja wa mwisho, tena wa mwanafunzi mwenye daftari.

Leo Hidaya ana siku sitini na nane. Namkunja na kumnyoosha kila nikimnyonyesha. Daktari amenikataza kupigapiga, "mtoto si ngoma," kwa hivyo nagonga mara moja kila Jumatano, kwa kifuniko chako. Leo nimegonga. Kushoto naam. Kulia, bega limetikisika. Sikuamini, na nilitaka kugonga tena. Nikajizuia, nikaandika "labda". Safu yako haijapata kuandikwa labda.

Wanawake wawili wameshanijia, wanataka niwapokee. Nimewaambia wangoje. Siwezi kwenda kwa watu na kifuniko cha mtu nisiyemjua.

Lala salama, Bi Mize. Dua nakuombea, na sitaacha hata jawabu likiwa chungu. Na ahadi yangu hii hapa: nikianza kazi, kila mtoto atagongewa siku ya tatu, wa tajiri, wa adui, wa ndugu yangu, na yeyote nitakayemvuta kwa mkono wangu mwenyewe huyo nitamgongea wa kwanza, mama yake akiwa macho.

Sikutaki ndotoni, ndoto hazijibu, huzungukazunguka. Mwambie huyo anayekusomea, aliyekaa hapo na karatasi mkononi, kwamba swali ni moja na ni lake. Ulipompa sindano, ulimwambia aniambie au ulimwambia anyamaze? Jumapili saa kumi za alasiri nitakuwa barazani kwangu, Hidaya mapajani, fulana imekunjuliwa mkekani. Mwambie asije na halua. Aje na jawabu.

Riziki