Vigae Basi, Nimepata Jiko

3 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, tena umekaa kitini, hujainamia moto. Mimi sijambo. Kazi ya dukani inaendelea, ni mgongo tu unaolalamika kwa kubeba maboksi ya vigae.

Jirani yetu, yule fundi cherehani, alipita huku akanieleza yote. Kumbe bado unawapikia mafundi wa gereji kwa kuni, kwenye kile kibanda cha uani, na unakohoa mpaka wateja wanakushikia mwiko! Mimi uliniambia ni mafua. Mficha maradhi, Mama, kifo humuumbua.

Basi nimeamua. Nimekutumia pesa kwa simu. Weka vigae nyumba nzima, nunua na makochi. Mimi nauza vigae, najua ninachosema: mtu akiingia nyumbani kwako, cha kwanza anatazama chini. Nyumba ikipendeza tutaipangisha kwa bei nzuri na gharama itarudi yenyewe. Wewe utahamia kwangu upumzike. Mambo ya kupika yaishe.

Na tafadhali, safari hii usiniulize nitaoa lini.

Mwanao


19 Februari, kwa ujumbe wa simu

Marahaba mwanangu. Nimewaza sana. Sihami, na vigae basi. Kwa pesa yako nimepata jiko. Nimelikuta kwenye ile hoteli iliyofungwa. Umri limekula kidogo, ila lina nguvu na halina makuu. Jumamosi linaingia nyumbani, majirani watakuja kulipokea. Utafurahi. Simu inazima.
Mama yako


20 Februari

Shikamoo Mama,

Leo salamu nazifupisha, unisamehe. Usiku sikulala.

Umeniposea mtu? Kwa pesa ya vigae? Bila hata kuniuliza? Tena mhudumu wa hoteli, na kwa maneno yako mwenyewe, "umri limekula kidogo"! Mama, mimi ni mtu mzima, si kuku wa kuchaguliwa jike. Waambie hao majirani Jumamosi wabaki makwao. Huyo dada wa watu muombe radhi, mrudishe kwao kwa heshima.

Sasa umenilazimisha niseme. Mimi mwenzangu ninaye. Ni fundi umeme, ndiye aliyetandaza nyaya zote za duka letu. Ana akili, ana ulimi mkali, na nampenda. Nilikuwa nangoja vigae viwekwe ndipo nimlete umwone, nisije nikaaibika na ile sakafu ya saruji iliyopasuka.

Nijibu upesi.

Mwanao


1 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba, na marahaba tena. Mimi ni mzima kuliko unavyodhani. Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamwita fundi cherehani nikamsomea, naye akacheka, akaomba nirudie pale pa kuku.

Jiko, mwanangu. La gesi. La kupikia. Lina mafiga sita na oveni mbili, la chuma, zito kama deni la jirani. Majirani waliitwa kulibeba! Hata mlangoni halikupita, tukabomoa ukuta wa jikoni. Wewe uliyekataa kuulizwa utaoa lini, ndiye unayewaza kuoa mchana na usiku. Nimefurahi mno kuhusu mwenzako, nasema kutoka moyoni.

Lakini kuna neno limeniuma, nami silifichi. Sakafu ile ndiyo uliyojifunzia kutambaa. Leo unaionea haya? Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wewe hata mlangoni hujafika, umeishia kwenye vigae.

Daktari aliniambia moshi na pumzi havikai nyumba moja, nichague. Kwako najua nitalishwa na nitapendwa. Ila nitaamka asubuhi niulize, "Leo nifanye nini?" na wewe utasema, "Pumzika, Mama." Kesho hivyo hivyo. Mimi sikuzaliwa kuwa mgeni. Kibanda cha uani nimekibomoa. Kama jiko hili halikustahili gharama yake, basi nami sikustahili.

Mama yako


16 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo, ingawa dukani wameshajua habari ya jiko na kila anayepita ananiuliza kama limeshafunga ndoa.

Nisamehe kwa neno la sakafu. Nilimwonyesha mwenzangu barua yako, akaisoma, akaniambia hata yeye kwao kuna saruji, sasa nilikuwa nataka kumwonyesha nini?

Hata hivyo lazima tuseme ukweli. Jiko la watu waliofilisika, ukuta uliobomolewa, mitungi ya gesi ya kila mara! Vigae vinakaa miaka na havili chochote. Hilo jiko linakula kila siku. Mafundi wa gereji hawawezi kukurudishia gharama hiyo, Mama, na kifua chako sijui kitasemaje. Tufanye hivi: tungoje mpaka Juni. Ukiwa bado unakohoa, au biashara haijasimama, nyumba inapangishwa na unakuja kwangu bila ubishi. Nakubali kuonekana mbaya, mradi nisikuzike.

Mwanao


9 Juni

Shikamoo Mama,

U hali gani? Aprili yote kimya, Mei nayo hivyo hivyo. Nikipiga simu unasema "nina moto hapa" unakata. Moto gani? Unaumwa? Mwenzangu naye ameaga kwamba anakwenda kazini mbali, hapatikani. Nimeomba ruhusa. Usiponijibu wiki hii, nakuja kukuchukua.

Mwanao


14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Lisome tena neno hilo, safari hii si la kufichia kitu. Mzima!

Kimya changu ni cha kazi. Oveni ndizo zilizoniponza. Nilianza kuoka mikate ya kuwapa mafundi wa gereji pamoja na supu. Wakapeleka nyumbani, wake zao wakaja. Kisha ofisi ya bima iliyo ng'ambo ya barabara wakataka chakula cha mchana kwa wafanyakazi wote, kila siku ya kazi. Fundi cherehani ameacha cherehani asubuhi, anakanda unga kwangu na kusengenya bure.

Umeuliza gharama. Sikudanganyi, haijarudi yote. Ukuta tumeujenga upya, na gesi inakula kweli, kama ulivyosema. Lakini inakula jasho langu mwenyewe, na kinachobaki kinanitosha. Pesa usinitumie tena.

Mwenzako yupo hapa. Hiyo kazi ya mbali ni mimi. Alikuja mwenyewe na mkoba wa vyombo vyake, akaniamkia, akaniambia, "Mama, nimekuja kuliona hilo jiko mwenzangu." Ameweka feni ya kutoa mvuke na taa juu ya sufuria. Hakika ulimi anao, ameshanigombeza mara mbili kwa kushika swichi na mikono iliyolowa. Nampenda.

Jana nilirudi kwa daktari. Akasikiliza kifua mbele na nyuma, akanitazama, akasikiliza tena. Akaniuliza nimetumia dawa gani.

Leo lifti ya ile ofisi imeharibika, nao wako ghorofa ya nne. Mwenzako akasema tuwaite washuke. Nikakataa. Nikabeba sufuria langu, nikapanda ngazi zote bila kusimama. Juu nikamkuta bosi wao ameegemea ukuta anahema, koti mkononi. Nikampita. Nikasimama katikati ya meza zao nikapaza sauti, "Chakula kimefika, nani ana njaa?" Wakageuka wote. Sauti ilijaa chumba kizima, mwanangu, na ilikuwa yangu.

Sihami.

Mama yako