Pointa Niliyoipeleka Maungu kwa Disketi

Mpendwa mshauri, nishike mkono upesi kabla Jumatatu haijafika! Mimi ni Katuku wa Kaloleni, Voi, shule niliacha darasa la nne lakini lugha ya C naijua kuliko hao vijana wa diploma, na ni mimi, si mwingine, nimeandika programu ya C inayosoma mizani ya Bi. Mwanaesha, mnunuzi wa ndengu kule Mwatate, halafu karani wake Wakio akaandika skripti ya Perl, lugha nyingine ya kompyuta, ya kuiendesha, na ilivyoshika kazi, mshauri, ungeruka! Sasa ile pointa, yaani namba ya mahali mizani imewekwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, nilimpa Wakio vile ilivyo nikamwambia, "Iandike kwenye disketi, usiipoteze," maana nimefanya kazi relwe, kwenye magari moshi, miaka thelathini na namba ya behewa haibadiliki hata lifike Mombasa. Tukaenda na disketi mpaka stoo yake Bi. Mwanaesha ya Maungu, kwenye kompyuta nyingine, Wakio akafungua, programu ikaanguka pu! Mkulima Musyimi akapiga kelele, "Mzee, mashine yako imezimia na gunia langu liko juu ya mizani!" Bi. Mwanaesha akauliza kosa la nani, na mimi nikasema la Wakio. Jumatatu anamfukuza. Nifanyeje, na jina langu lisiharibike?

Katuku, Voi, 1997

Mzee Katuku, hongera kwa hiyo C, na pole. Lakini umekosea mara mbili: kwa pointa, na kwa Wakio.

Namba ya behewa husafiri na behewa. Pointa ni kama kusema "behewa liko njia ya tatu": ni kweli ukiwa stesheni ya Mwatate, tena kwa leo tu. Ukizima programu ukaiwasha, namba hiyo ni takataka hata hapo hapo.

Usimpe Wakio namba tupu! Ifungie ndani ya kitu cha Perl, yaani object, chenye jina la aina yake, na C yako iulize kila mara: hii ni mizani kweli, na bado iko wazi? Kama sivyo, itoe ujumbe wa kosa, isianguke. Perl ikimaliza na kitu hicho huita yenyewe sehemu ya programu iitwayo DESTROY. Humo ndimo ufunge mizani na kuachilia kumbukumbu, mara moja tu, kisha uifanye pointa sifuri ili anayefunga tena asivunje kitu. Kwenye disketi andikeni jina la poti, yaani tundu la waya wa mizani, na vipimo, basi. Mkifika Maungu, mizani ifunguliwe upya.

Hayo utayamaliza kwa siku moja. Ila kabla hujagusa kompyuta, nenda kwa Bi. Mwanaesha, Wakio akiwa hapo, useme: "Niliagiza mimi, yeye alitii." Halafu nyamaza, mzee.