Sisi si Watu wa Yabeshi-Gileadi

Mwalimu Yoweli,

Tulikupoteza mwezi wa pili. Heshima yetu tuliipoteza mwezi wa tatu, Jumanne, saa tano asubuhi, siku ya kukuzika.

Jeneza lilikuwa na vishikio sita. Kimoja nilikishika mimi. Vitano vilishikwa na wafanyakazi wa makaburini, Waswidi wenye makoti meusi, wasiojua hata sura yako. Walikuwa na adabu sana, na adabu yao ndiyo iliyonichoma. Binti yako Rebeka aliniuliza, "Var är alla?" Wako wapi wote. Nikajifanya naangalia simu.

Wiki uliyofariki, nyumba yenu ya mtaa wa Bredäng ilifurika. Tulikaa matanga siku saba, tukaimba, tukala, tukayaondoa. Kwetu mtu huzikwa kwanza. Hapa kwa Waswidi ulingoja nafasi ya kuzikwa karibu mwezi mzima, na sisi vichwani tulikuwa tumeshakuzika.

Na somo lako miaka yote lilikuwa lipi? Yabeshi-Gileadi! Mji mdogo ng'ambo ya Yordani. Mfalme Sauli aliwaokoa watu wake, adui yao Nahashi alipotaka kumng'oa kila mmoja jicho la kulia. Sauli alipokufa, Wafilisti wakautundika mwili wake ukutani Beth-sheani, na mashujaa wa Yabeshi wakatembea usiku kucha, wakaushusha, wakamzika, ndipo wakafunga siku saba. "Kwanza miguu, halafu machozi," ulikuwa ukituambia. Sisi tulianza na wali.

Jioni ile niliwapigia simu wanaume wa kikundi chako cha Biblia, mmoja mmoja, nikafoka. Mpaka Desire, mmoja wao, akanijibu taratibu: "Bosi, si ni wewe uliyetupanga zamu ya usafi leo kule Märsta?"

Mwalimu... kweli. Ratiba naiandika mimi. Watatu kati ya niliowatukana walikuwa wanasugua sakafu za wateja wangu. Na kazi yangu ya kwanza ya kufagia ni nani aliyekwenda kuniombea, kwenye theluji, na viatu vyako vile vya Bujumbura? Mimi ninayehesabu hadi matambara, sikuhesabu vishikio.

Kuna kitu kimoja nakishikilia. Ulitukumbusha kwamba zamani, kabla ya Sauli, Israeli yote ilipokusanyika Mispa, ni Yabeshi hiyohiyo ambayo haikutuma mtu, ikaangamizwa karibu yote. Waliokwenda Beth-sheani walitoka katika mji uliowahi kukosa kufika. Labda na sisi.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Jumamosi nimefunga kampuni. Tutakuja sita, kwa miguu yetu, tukusimamishie msalaba. Na siku ya kumzika yeyote wetu, sitampanga mtu zamu tena. Hilo nakuahidi.

Lakini Jumapili wanataka nikae kwenye kiti chako, nifundishe Yabeshi. Nina mdomo gani wa kuutaja mji ule? Usinizungushe kwa mifano kama kawaida yako. Nifundishe, au ninyamaze? Tunaanza saa nane mchana. Nijibu kabla sijafungua Biblia.