Sanda na Lango la Babu Tudose

Valea Rece, 14 Septemba

Mwanangu Zina,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Mimi mzima, mgongo unaniuma asubuhi lakini ukishapata joto unatulia. Sanda hajambo. Jana alicheka mpaka akapaliwa kwa sababu bata bukini alinikimbiza uani. Wewe je? Na huyo bibi unayemtunza huko Bologna, bado anakuita kwa jina la dada yake?

Nakuandikia kwa sababu simu siisikii tena, tunabaki kupigiana kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Ghenadie anaondoka na basi lake kuja Italia Jumapili, atakuletea hii pamoja na jibini.

Sasa sikiliza. Jumanne alikuja mwanamke kutoka mjini, anaitwa Domnica. Ati ni wa huduma ya nyumbani kwa watoto wenye ulemavu, ati atakuwa anakuja kila wiki kumnyoosha Sanda viungo na kumfundisha. Nikamuuliza, "Nani kakutuma?" Akasema, "Mama yake." Nikamwambia, "Mama yake yuko Italia, na mimi mtoto simtoi." Akasema, "Sijaja kumchukua, mzee." Nikafunga lango.

Unajua kwa nini. Gari lililomchukua mdogo wangu Pavel nalo lilileta mwanamke mpole mwenye begi. Pavel alikuwa na miguu kama ya Sanda. Mama aliambiwa anapelekwa kwenye nyumba ya watoto, huko atatibiwa, atasoma. Alipokwenda kumtazama baada ya mavuno alionyeshwa kitanda chenye mtoto mwingine. Mpaka anakufa hakujua mwanawe alizikwa wapi.

Kama ni kweli umemtuma wewe, niandikie.

Baba yako,
Tudose


Bologna, 29 Septemba

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, na mgongo umepoa. Mimi sijambo. Bi Ornella bado ananiita Lucia, na siku hizi naitika tu. Jibini imefika, nusu ameila yeye.

Baba, ni kweli, mimi ndiye niliyewaomba. Nilipokuja Pasaka nilikwenda mjini nikakaa nao asubuhi nzima. Niliwauliza lile lile unalouliza wewe: watoto mnawapeleka wapi? Wakanijibu kwamba kazi yao ni kuhakikisha hawapelekwi popote, wabaki kwao.

Najua habari za baba mdogo Pavel. Nimekua nikimwona bibi akimwekea sahani siku ya sikukuu. Lakini Sanda ana miaka saba sasa. Ulizoea kumbeba alipokuwa mwepesi kama kuku. Akiwa msichana mkubwa utambeba kwa mgongo upi?

Mfungulie lango tu. Akae jikoni, mbele ya macho yako. Ukiona jambo hulipendi mfukuze, nami nitaacha kazi nirudi nyumbani.

Mbusu Sanda kwenye shavu la kushoto, analolipenda.

Binti yako,
Zina


Valea Rece, 2 Novemba

Mwanangu Zina,

Marahaba. Huku tuko salama. Divai mpya imeshaacha kutoa povu, kabichi ziko kwenye mapipa, na Sanda alikuwa na mafua lakini yamekwisha.

Yule Domnica amerudi. Alisimama langoni kwenye mvua bila mwavuli, hakugonga wala kuita, nikaona aibu mbele ya majirani. Nikampa chai. Akavua viatu, akakaa sakafuni na Sanda kana kwamba ndiyo desturi ya watu.

Halafu nikaanza kumlisha mtoto. Akaniambia, "Mzee, unamlisha amelala chali. Wewe ungekula hivyo?"

"Mimi sina shida ya kukaa."

"Basi na yeye tumkalishe."

Akanichorea kiti. Nikamwambia mchoro huo ni wa mtu ambaye hajawahi kushika msumeno. Akasema, "Kwa hiyo unaweza kutengeneza kizuri zaidi?" Mjanja huyo. Mimi niliyeunda mapipa ya kijiji kizima nishindwe na kiti? Nimekitengeneza kwa mbao za mwaloni, kina mbavu pembeni za kumshika na meza ndogo mbele. Sanda anakaa wima, Zina. Anatazama nje dirishani kama bibi harusi anayesubiri wageni.

Wiki iliyofuata Domnica alileta picha: chakula, vitu vya nyumbani, watu. Anaziweka mezani, mtoto anapiga ngumi kwenye anayotaka. Nikaweka picha ya ugali na maziwa, kwa sababu ndicho chakula chake tangu aote meno. Akaisukuma ikaanguka. Nikaiokota. Akaisukuma tena. Akapiga ngumi kwenye picha ya nyanya za chumvi. Nikasema hajaelewa, nikabadilisha picha mahali. Akazipiga nyanya tena.

Domnica akacheka. "Amekujibu, mzee. Usikivu ndio unaokupungua."

Nikampa nyanya. Alizila zote, maji ya chumvi yanamtiririka mpaka kwapani, na macho yake hayakubanduka kwangu. Kumbe miaka yote hii mtoto alikuwa ananivumilia tu.

Baba yako,
Tudose


Bologna, 12 Januari

Shikamoo Baba,

Uko wapi? Tangu kabla ya Krismasi sijapata hata mstari. Ghenadie amefika leo mikono mitupu. Anasema alikuta lango wazi, jiko limepoa, hakuna mtu ndani. Mtu dukani akamwambia ulianguka, umelazwa. Hakujua Sanda yuko wapi.

Nimepiga simu mjini, ofisi bado imefungwa kwa sikukuu za huko. Nimepiga hospitali, wananihamisha kutoka mtu hadi mtu. Mmoja akaniambia, "Mtoto wa namna hiyo bila shaka kawekwa mahali." Mahali gani, Baba? Sijala tangu nisikie neno hilo.

Yeyote atakayeisoma barua hii, anipigie.

Zina


Valea Rece, 3 Februari

Mwanangu Zina,

Marahaba. Najua jirani yetu Agripina alikupigia siku ile ile barua ilipofika, kwa hiyo umeshapumua. Lakini mengine nataka kukueleza mimi mwenyewe, maana yeye anafupisha.

Niliteleza kwenye barafu karibu na kuni, nyonga ikapata ufa. Mungu mwema, sikuwa nimembeba Sanda, alikuwa ndani kwenye kiti chake. Aliyesikia nikiita ni Agripina. Ndiyo, huyo huyo wa upande wa pili wa njia, ambaye hatukuwa tunasalimiana tangu nilipokata matawi ya mti wake wa mjozi.

Hospitalini niliwaza jambo moja tu. Domnica alipokuja nikamshika mkono nikamwambia, "Sasa mtampeleka."

"Nimeshampeleka," akasema.

Zina, nilidhani moyo wangu umeishia hapo.

"Yuko kwa Agripina," akasema. "Amelala na paka."

Kumbe tangu msimu wa mavuno Agripina amejitolea kuwa jirani wa msaada. Domnica alimfunza namna ya kumwinua mtoto, kumlisha, kumgeuza kitandani, ili mlezi akiugua mtoto asihame kijiji. Alikuwa anangoja siku nitakayomhitaji. Na mimi nilikuwa nageuza uso kila akipita.

Nilipotoka nilikwenda kwake na mkongojo. Nikamuuliza, "Ulijua ni mtoto gani utakayemtunza?"

"Kijijini kuna mwingine?"

"Na hasira zako juu yangu?"

"Wewe bado nimekukasirikia. Kaa, unywe supu."

Sanda aliponiona alipiga kelele ile yake ya furaha, paka akakimbilia juu ya kabati. Amenenepa. Nywele amesukwa misuko miwili. Mimi sikuwahi kujua kusuka.

Baba yako,
Tudose


Bologna, 20 Februari

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye ngazi, sikuweza kungoja nifike ndani. Nafurahi unatembea. Mimi mzima.

Nilikuwa nimefunga begi. Bi Ornella akaniuliza naenda wapi, nikamwambia, kwa binti yangu. Akatafuta koti lake aje na mimi.

Niambie bila kunificha: nirudi sasa? Nikija, nije kwa sababu mnanihitaji, si kwa sababu nimeogopa.

Mwambie Bi Agripina sina neno la kutosha. Namtumia kahawa.

Binti yako,
Zina


Valea Rece, 15 Septemba

Mwanangu Zina,

Marahaba. Sisi wazima. Nyumba ilikuwa kimya ulipoondoka mwezi uliopita, lakini tumezoea haraka kuliko nilivyotarajia. Sijutii kwamba Februari nilikujibu "subiri". Ulikuja Agosti ukicheka, na ukaondoka ukicheka. Domnica anauliza kama ulisema kweli kwamba majira ya kuchipua utarudi moja kwa moja ufanye kazi pamoja nao. Nimemwambia wewe husemi kwa mzaha. Tafuta kwanza mtu mwema wa kukaa na yule bibi.

Shule imeanza. Wanaume wa kijiji walimaliza ile njia ya mteremko mlangoni pa shule usiku wa kuamkia siku ya kwanza, rangi bado mbichi, magurudumu ya kiti kipya cha Sanda cha kusukumwa yakachora mistari ya kijani mpaka darasani. Sanda anakaa safu ya mbele karibu na msichana anayeitwa Veta, anayemwonyesha kila kitu na kumgombeza kama dada. Msaidizi wa darasa anamlisha mchana. Domnica alikwenda naye siku za mwanzo, sasa haendi.

Mimi siku ya kwanza nilisimama nje ya uzio mpaka Agripina akaja kuniondoa. "Unawatisha watoto," akasema. Tukanywa ile kahawa yako.

Sanda alirudi mchana, wino mpaka masikioni, amechoka, amelala na viatu. Siku zilizofuata vivyo hivyo.

Jana ilikuwa Jumamosi. Aliamka mapema, akawa anavuta mkoba wake uliotundikwa kitini. Nikamwambia, "Leo hakuna shule, mama. Leo uko na babu." Akanitazama, akageuzia uso ukutani. Aliendelea kuninunia mpaka chakula cha mchana, Zina, na mimi nikapika huku nikiimba.

Baba yako,
Tudose