Nimeoa, Lakini Punguzo Limetupa Hoteli Mbili

Haya wambea wangu wazuri, sogezeni viti. Hii ya leo nimeisoma mara mbili nikidhani nimelemewa na usingizi.

*Mpendwa mshauri, naomba msaada upesi kabla sijawa kapera tena. Nimeoa juzi, na mimi ni mtu wa kuwinda bei, simu yangu imejaa mitandao ya vyumba vya punguzo, sasa nikaona hoteli nzuri ya fungate, lakini ukiandika watu wawili bei inaruka kama imekanyaga kaa la moto, ukiandika mtu mmoja tena mteja mpya inalala chini kabisa, basi nikafungua akaunti kwa jina la mke wangu, nikaandika mmoja, nikajua tukifika nitaingia tu, kwani nani atamzuia mtu na mkewe. Wakanizuia. Dada wa mapokezi akasema, "Kaka, hapa ameandikwa mmoja. Wewe ni mgeni wake, na wageni wanatoka jioni. Au ulipie cha wawili hapahapa." Bei ya pale mezani, mshauri, karibu mara mbili ya mtandaoni, kitanda kilekile, mashuka yaleyale, nikamwambia huu ni wizi, nikapata mtandaoni chumba cha mtu mmoja hoteli ya ng'ambo ya barabara, sasa mimi niko huku, bibi harusi yuko kule, tunapungiana mikono dirishani, mama mkwe akipiga simu ya video anataka kutuona wote, inabidi nishuke ngazi mbio, nivuke barabara, na mlinzi wa kule kila mara ananiuliza, "Unamwona nani?" Namwambia mke wangu. Anasema, "Haya, usikawie." Bei ya wawili naikagua kila saa na kila nikikagua inapanda. Jana nikamwomba mke wangu avumilie, itashuka tu, akanijibu kwa upole, "Sawa mume wangu. Ikishuka utanikuta kwa mama." Na begi amelifunga. Nifanyeje?*

Bwana harusi, pole. Pole imeisha, sasa sikiliza.

Ujanja mwingi mbele giza. Mtandao haukukudanganya, umekuuzia ulichoandika: mtu mmoja. Umejifuta mwenyewe kwenye fungate yako, halafu unamnunia dada wa mapokezi. Tena hoteli nyingi ukiwaonyesha kwa upole bei ya mtandaoni, wanakupunguzia. Wewe ukaanza na kuwaita wezi. Na hebu jumlisha hivyo vyumba vyako viwili vya bei poa. Vimeshapita kile kimoja cha mezani, sivyo? Nilijua hujajumlisha.

Zima simu. Rudisha ufunguo wa huko ng'ambo, beba begi, vuka. Mwombe radhi yule dada, umwambie, "Tuandike wawili." Akitaja bei, usigune. Ukipanda chumbani usimweleze mkeo ulitaka kuokoa nini. Fungua begi lake, nguo zake uzitundike kabatini kwa mikono yako, ndipo uongee. Ukikuta keshaondoka, panda gari la kwanza linaloelekea kwao, usinikalie kituoni kulinganisha nauli.

Na nyie wambea wangu, semeni kweli: mume huyo anagonga mlango, begi mkononi, na wewe kitanda kizima umeshakizoea. Ungemfungulia?